Wapiga muheme wapewe kipindi

Wiki hii mmeuliza: wazazi na wanakijiji wasaidieje masomo ya sanaa shuleni? Najua wengi watajibu kwamba tuchangishane. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule huku Chamwino, Dodoma, na kwangu fedha zije baadaye. Tuanze kwa kutoa watu.

Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeiweka Sanaa na Michezo kuwa somo la shule za msingi. Nimelifurahia sana jambo hilo. Lakini mwalimu anayepangiwa kipindi hicho mara nyingi hakusomea muziki wala uchoraji, na mitihani ikikaribia, Hisabati inakimeza. Ngoma hukumbukwa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, inapobisha hodi: wanachaguliwa watoto wachache wa fani za ndani, yaani ngoma na kwaya, wanafanya mazoezi mbiombio, wanashindana, basi. Wenzao wanamaliza mwaka hawajagusa ngoma.

Na hapa ni Ugogo! Ndiko alikotoka mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyelifikisha zeze letu, ala ya nyuzi, kwenye majukwaa ya ng'ambo. Ujuzi aliokulia nao bado upo vijijini. Wapo wazee wanaojua kibuyu kipi kinafaa kwa zeze, wanaosogeza vyuma vya marimba kidogo kidogo mpaka sauti ikae, wanaobandika utando wa buibui kwenye tundu ili ala ivume. Mwanafunzi akiuliza kwa nini utando ule unavumisha sauti, somo la Sayansi limeshaanza. Wapo mama zetu wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wameibana mapajani, kila mmoja na mdundo wake, na hakuna mdundo unaokamilika peke yake. Mtoto wa darasa la tatu akikaa katikati yao atajifunza kusikiliza kuliko nitakavyoweza mimi kumfundisha kwa maneno.

Wapo wazazi wanaosema ngoma ni ushamba, inawarudisha watoto nyuma. Nawaheshimu, ila makanisani mwetu tunamwimbia Mungu kwa mahadhi ya Kigogo na hakuna anayeona haya. Iweje shuleni iwe aibu?

Kamati ikubaliane na mwalimu mkuu kwamba kipindi hicho hakiguswi, na mwalimu wa darasa awepo muda wote mgeni anapofundisha. Wazee waitwe mavuno yakishaisha, kabla mvua za Desemba hazijawarudisha shambani. Akina bibi waulizwe kwanza nyimbo zipi zinafaa darasani, kwa sababu muheme una mambo ya unyago na si kila wimbo ni wa kila sikio. Hilo waamue wao wenyewe.

Halafu walipwe. Fundi wa marimba anayeacha kazi zake asiagwe kwa makofi tu. Tangu elimu bila ada ianze 2016 wazazi wamekuwa wagumu kusikia neno mchango, na wana haki. Kwa hiyo mchango uwe wa hiari, debe la mtama au karanga lipokelewe sawa na shilingi, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wote, na asirudishwe nyumbani mtoto hata mmoja kwa sababu mzazi wake hakutoa.

Mkutano ujao wa wazazi nitaomba ajenda moja iongezwe: tuandike majina ya wote kijijini wanaojua kutengeneza au kupiga ala, na siku ambazo kila mmoja anaweza kufika shuleni.