Vidonda vya mdomoni kwa mtoto: usihangaike na kidonda, hangaika na kikombe

Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtoto mdogo akikataa kumeza, jua halitazama kabla hujasikia neno kilimi. Kimeshuka, jirani atakuambia, na kuna mzee anakikata vizuri. Tafadhali usimpeleke. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakijamkosea mtu, na wembe wa mzee unaweza kuleta damu isiyokatika, usaha, hata pepopunda. Chukua tochi ya simu, ngoja mtoto alie (akilia mdomo unafunguka wenyewe), uchungulie. Mara nyingi sababu utaiona hapohapo mbele, kwenye ulimi na fizi.

Binti yangu alikuwa na mwaka na nusu. Homa ilitangulia, halafu fizi zikavimba, nyekundu, zikitoka damu ukizigusa tu. Udenda ulimiminika mpaka kifua cha gauni hakikauki. Ulimini na ndani ya midomo vikatokea vidoa vyeupe vyenye ukingo mwekundu. Kwenye kituo cha afya walimpima malaria kwanza, kama desturi yao kwa kila homa, kisha muuguzi akasema ni virusi vya herpes, ndugu wa kile kipele cha mdomo kinachomtoka mtu mzima baada ya homa. Huwashika zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na huisha vyenyewe kwa wiki moja mpaka mbili. Mimi nilitaka dawa ya kukausha vidonda. Yeye alitaka kujua mtoto amekojoa saa ngapi.

Swali hilo ndilo ninalowauliza sasa akina mama wanaonipigia simu. Vidonda hivi kwa kawaida havimdhuru mtoto mwenye afya. Kiu ndiyo inayomwangusha. Anaogopa kumeza, anakataa titi, mdomo unakauka, na mdomo mkavu unauma zaidi. Kwa hiyo tunatuliza maumivu ili anywe, na kwa utaratibu huo.

Parasetamoli ya maji ndiyo rafiki yako. Kipimo hufuata uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku moja. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kati ya miligramu 100 na 150. Soma chupa yenyewe, kwa sababu dawa za farmasi zetu hazina nguvu moja. Nyingi zina miligramu 120 au 125 katika mililita 5, lakini si zote. Pima kwa seringi isiyo na sindano, vijiko vya jikoni vinadanganya. Mpe, subiri kama nusu saa, hapo ndipo ulete kikombe. Ukileta kikombe kabla dawa haijafanya kazi ataumia mara ya kwanza, na baadaye hata akikiona tu atageuza uso. Aspirini usimpe kabisa.

Baridi ni dawa pia. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hilo linatusaidia: maji niliyochemsha jioni, nikayaacha yamefunikwa karibu na dirisha, asubuhi yalikuwa baridi ya kutosha bila frigo wala umeme. Nilimpa kwa seringi ileile, kidogokidogo, nikielekeza ndani ya shavu na si kooni, kila baada ya dakika chache. Inachosha. Baba yake alishika zamu ya usiku, na nasema hivi makusudi kwa akina baba wanaosoma.

Uji wa masoso (unga wa mahindi, mtama na soya) tuliufanya mwepesi na tukauacha upoe kabisa. Avoka (parachichi) iliyopondwa ilipita. Ndizi mbivu ilipita siku moja, siku nyingine ikakataliwa. Mashanza, yaani maziwa ya mgando, ambayo anaipenda sana, ilimchoma kwa ule uchachu wake, tukaiweka pembeni. Mananasi, maracuja (pasheni), nyanya, sambaza (vile visamaki vya ziwani) zenye chumvi, chai ya moto: vyote vingoje. Kama hataki chakula kigumu siku kadhaa, mwache, mradi anakunywa. Anayenyonya aendelee, akilikataa titi, kamua maziwa umpe kwa kikombe au kijiko.

Sasa yale ya kupaka. Kusugua vidonda kwa chumvi na ndimu ni mateso matupu. Asali usimpe mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja, inaweza kumletea botulismu, sumu inayopoozesha misuli. Jeli za meno zenye lidokaini au benzokaini hazifai kwa wadogo wa chini ya miaka 2: wakizimeza, ya kwanza inaweza kuleta degedege na kuvuruga moyo, ya pili inaharibu uwezo wa damu kubeba hewa. Violeti, ile dawa ya zambarau tunayoijua sote, nayo ina masharti. Ile ya asilimia 1 inaweza kuunguza mdomo. Wauguzi wanaoitumia, kwa mfano kwenye vidonda vya surua, huipunguza mpaka asilimia 0.25. Kama hakuna muuguzi aliyekuambia, iache. Na antibiotiki ya kununua kwa kukisia haiui virusi, inaua pesa yako.

Si kila kidonda ni hiki. Vipele vikitokea pia viganjani, nyayoni na matakoni, huenda ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, na matunzo ni yaleyale. Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, usiofutika kirahisi, ni fangasi, nao wana dawa yao, nistatini. Macho mekundu, kikohozi na upele mwilini: fikiria surua, mpeleke akapewe vitamini A. Na sisi wa Kivu Kusini hatuwezi kusahau mpox (ndui ya nyani), tangu aina mpya ilipoonekana Kamituga mwaka 2023. Malengelenge usoni au mwilini pamoja na tezi zilizovimba, nenda siku hiyohiyo.

Mtoto aliyekonda, au aliyetoka kuugua surua, akianza kunuka mdomo vibaya, ufizi ukawa wa kijivu au shavu likavimba, usilale naye nyumbani. Hiyo inaweza kuwa noma, ambayo hula uso kwa siku chache, lakini ikiwahiwa mapema antibiotiki za hospitali huizuia.

Mengine ya kukukimbiza hospitali: amepitisha saa 8 bila mkojo, analia bila machozi, macho yamezama, amelegea, ana chini ya miezi 3 na homa, au kipele kimetokea karibu na jicho. Herpes ikiingia jichoni inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Ndiyo sababu nilimnawisha vidole mara kwa mara, maana alikuwa akivinyonya kisha anajifikicha. Kijiko na kikombe chake vikae peke yake, hata kama kaka yake analilia kile cha rangi nyekundu. Na shangazi mwenye kipele mdomoni asalimie kwa mkono. Busu tutamlipa kikipona kabisa.