Mwanga wa Kuchomelea Hauumi Papo Hapo: Kwa Wewe Unayeanza Karakana

Wiki yangu ya kwanza karakana nilikuwa mshikaji. Fundi anachomelea geti, mimi nashika bomba lisisogee, nimegeuza uso na kufumba macho nusu. Jioni nikarudi nyumbani mzima, nikala, nikalala. Saa saba usiku nikaamka nikidhani nimemwagiwa mchanga machoni. Machozi yalinitiririka na taa sikuweza kuitazama. Karakana ile haikuwa na ngao ya pili kwa msaidizi, na hakuna aliyeniambia kwamba mwanga ule unababua jicho kama jua linavyobabua ngozi, ila maumivu yake huchelewa kwa saa kadhaa.

Ndiyo maana nakuandikia, mdogo wangu. Kidole kikigusa chuma cha moto utakitoa upesi. Mwanga, moshi na vumbi vinakuacha umalize kazi kwanza.

Anza na macho. Miwani ya jua si kinga. Kioo cheusi cha kuchomelea kina namba, na kwa kazi za kila siku za magrili na mageti tafuta namba 10 au 11. Ukijaliwa fedha, nunua helmeti inayojitia giza yenyewe moto unapowaka, maana mikono yote miwili inabaki huru na rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka kuunganisha kazi, inaanzia pale ulipokusudia. Kama umeajiriwa, dai ngao yako bila woga. Hapa Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupatie vifaa vya kujikinga. Macho yakikushika usiku, usiyasugue wala usiweke viazi au dawa ya jirani. Kaa gizani, asubuhi nenda zahanati.

Sasa grenda, mashine ya mkononi ya kukatia na kusagia chuma kwa diski. Ndiyo ninayoiogopa kuliko mashine zote, mpaka leo. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, kwa hiyo ukingo wa diski yake unakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Diski kubwa ya inchi 9 kwa kawaida mwisho wake ni mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Halafu utamwona fundi anang'oa kava, anafunga diski kubwa kwenye grenda ndogo ili ikate ndani zaidi. Ondoka hapo. Diski hiyo inaweza kupasuka wakati wowote, na vipande vyake vinafika usoni kabla hujapepesa jicho. Soma maandishi ya diski kabla ya kuifunga: mizunguko iliyoandikwa iwe sawa na ya grenda au zaidi. Kwenye kipete cha chuma cha katikati mara nyingi pamegongwa mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa sababu gundi inayoshika chembe za diski hudhoofika, hasa ikikaa penye unyevu. Diski nyembamba ya kukatia usiilaze ubavu kusugulia. Na ukikata bomba refu, acha ncha inayodondoka iwe huru. Ukiliegemeza pande zote mbili, katikati panabonyea, mkato unajifumba, diski inabanwa na grenda inakurukia.

Bomba lenye zinki, yaani lililopakwa zinki lisishike kutu, lina siri yake. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907, chuma huyeyuka karibu na 1,500. Kabla chuma hakijalainika, zinki imeshakuwa moshi mweupe, na ukiuvuta, usiku unatetemeka kwa homa na baridi hata udhani ni malaria. Wengi tumelelewa na imani ya maziwa, kwamba ukinywa pakiti moja umejikinga. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umeingia mapafuni. Yanywe kama unayapenda, lakini kinga ni kuvaa barakoa iliyotengenezwa kuzuia moshi wa kuchomelea, si ya vumbi ya kawaida, kusaga zinki sentimita chache kila upande wa kiungo, na kuchomelea penye hewa upepo ukikupiga ubavuni.

Pipa lililobeba petroli, au usilojua lilibeba nini, usilichomelee. Mvuke uliobaki unatosha kulilipua. Mteja akikusihi, mrudishe nalo.

Kuhusu kasi, vijana wengi wanadhani fundi mwepesi ni mwenye mkono wa haraka. Nimeona muda mwingi ukipotea kwenye vipimo. Kabla ya kuwasha chochote andika vipande vyote unavyohitaji, kisha vipange kwenye bomba la mita 6. Vipande vinne vya mita 1.5 vinaonekana kutosha kabisa, lakini diski ya milimita 3 inakula milimita 3 kila inapopita. Mikato mitatu ni milimita 9, na kipande cha nne kimepungua. Afadhali ulijue kwenye karatasi. Ukiunganisha fremu, shikiza kona zote nne kwa doti ndogo, pima mshazari kwa mshazari, yaani kona hadi kona ya mkabala, vipimo viwili vikilingana ndipo uchomelee, ukibadilisha kona ili joto lisiivute fremu upande mmoja.

Mashine za inveta zimetupunguzia mzigo. Ni nyepesi, na zinakula umeme kidogo kuliko zile nzito za transfoma. Udhaifu wake ni vumbi la chuma. Feni inalivuta ndani, linatua kwenye saketi, mashine inaungua. Iweke mbali na anayesaga, na ipulizwe mara kwa mara ikiwa imechomolewa. Waya mrefu wa umeme usiutumie ukiwa umeviringwa, maana unapata joto mpaka ganda linayeyuka.

Kama karakana yenu iko kando ya barabara, watoto watasimama kutazama cheche. Hawana ngao, na usiku watalia bila mama zao kujua kisa. Simamisha bati kuukuu au turubai upande wa njia kabla ya kugusa rodi, na mtoto akichungulia pembeni, zima, mwondoe, ndipo uendelee.