Uyoga kwenye shina la mwembe, niukwangue ama nikate mti?

SWALI: Asalaam aleikum bwana shamba. Nina mwembe wa ngowe hapa Matondoni, Lamu, aliupanda marehemu babu. Saa hii chini ya shina pameota vitu vigumu vimejitokeza kama rafu, juu kahawia inayong'aa na ukingo mweupe, jirani asema nikwangue nipake oili chafu. Alafu juu kwenye matawi kuna mabaka ya kijivu. Ni ugonjwa mmoja? Mti waegemea upande wa jiko na watoto hucheza hapo.

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Hayo mabaka ya kijivu yaache, ni kuvu na mwani wanaishi pamoja juu ya gome, chakula chao wapata kwa mwanga wa jua, hawaudhuru mti.

Huo wa chini ndio wa kuogopa. Kwa maelezo yako wafanana na kuvu liitwalo ganoderma, ambalo huozesha mizizi na shina, na halichagui, miembe, minazi, mivinje yote huishika. Unachokiona nje ni tunda tu, kuvu lenyewe ni nyuzi nyembamba ziko ndani zinakula ule ugumu wa mti, na mpaka litoe tunda huwa limeshakaa humo muda mrefu. Kwa hivyo kukwangua hakuponyi na oili haifiki ndani, itachafua udongo bure, na panga litaongeza vidonda, na kuvu huingilia papo hapo penye kidonda: tawi lililokatwa ovyo, msumari wa kamba ya nguo, taka zinazochomewa shinani (hili twalifanya sana huku na laniuma roho).

Mti waweza kuwa na majani mabichi na maembe tele kumbe ndani ni mtupu. Gonga shina kwa mgongo wa panga ukilizunguka, usikilize kama pana uwazi, alafu fukua kidogo uone kama mizizi imelainika.

Dawa ya kuuponya hakuna. Na vile waegemea jiko, mie singengoja upepo wa kusi. Watoto wahame hapo leo, tafuta mkataji anayejua kufunga kamba aushushe vipande vipande, mng'oe na kisiki manake kuvu hubaki kwenye mizizi likahamia mti wa jirani. Ila kabla ya kukata, chukua vikonyo (vijiti vya ncha) kwenye tawi zima mbebeshe, yaani mviunganishe, kwenye mche, ngowe ya babu isipotee, na shimo lile lile usipande, tafuta upande mwengine wa shamba.