Maswali ya wasomaji: Kalenda nisizozitaka zimejaa kwenye kompyuta

Swali: Habari za kazi mhariri. Natumia Thunderbird kusoma imeili kwenye kompyuta ya ofisini, sasa juzi nimeunganisha akaunti yangu ya Google ili ratiba nayo niione hapohapo, nikakuta upande wa kushoto kuna kalenda kibao, za sikukuu, za bethdei, ya mradi uliokwisha zamani, na ya bosi wangu imo. Zile nisizozitaka nimeshaziondoa tiki lakini vikumbusho bado vinanitokea katikati ya kikao. Nikitaka kufuta naogopa nisije nikafuta na za wenzangu. Nifanyeje? – *Katibu wa ofisi*

Jibu: Nzuri sana ndugu yangu, na umefanya vema kusita kabla ya kubonyeza kufuta, manake hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Hizo kalenda hujaziita wewe moja moja, ziko ndani ya akaunti tayari, na programu ikishaunganishwa inauliza seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza akaunti yako) "huyu ana kalenda gani?" halafu inakuletea orodha nzima, zako na ulizoshirikishwa na wengine. Ukikubali bila kuchagua zinaingia zote.

Sasa kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuificha, yaani kuondoa tiki (kwenye matoleo mapya ni alama ya jicho), hapo umeiondoa machoni tu, kalenda yenyewe bado inafanya kazi na vikumbusho vyake vinakuja kama kawaida, ndo hicho kinachokusumbua. La pili ni kuizima au kujitoa. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya jina la kalenda, fungua sifa zake, utaona sehemu ya kuiwasha na kuizima, na nyingine ya vikumbusho peke yake. Ya bosi kwa mfano mimi ningeiacha ikionekana ila vikumbusho ningezima, maana utaihitaji siku ukitafuta nafasi ya kikao. Ile ya mradi uliokwisha jitoe kabisa, itaondoka kwenye orodha yako tu, kwa wenzako inabaki.

La tatu ndo kufuta, na hapa naomba uende polepole. Kwa kalenda ya mtandaoni Thunderbird inaweza kukuuliza kama unataka kujitoa au kufuta, hayo si kitu kimoja. Kufuta kunaondoa na data zenyewe, na kama kalenda ni yako na umeishirikisha kwa watu basi nao wanaweza kuikosa. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote jiulize hii kalenda inakaa wapi, kwenye seva au kwenye kompyuta hii tu? Ile inayokuja na programu yenyewe, ambayo haijaunganishwa na akaunti yoyote, inakaa kwenye kompyuta tu, ukiifuta hakuna pengine pa kuipata.

Ukiwa na wasiwasi wowote, toa nakala kwanza. Programu karibu zote zina njia ya kuhamisha kalenda kwenda kwenye faili la aina ya ics. Muundo huo, iCalendar, ulitoka mwaka 1998 ukaandikwa upya 2009 na ni wa wazi kwa kila mtengenezaji, ndo maana faili uliyoitoa Thunderbird inafunguka kwenye Outlook ya Microsoft na kwenye Mac pia. Weka faili mahali salama halafu ndo ufute kwa amani.

Swali: Mimi natumia Outlook ya kwenye kompyuta. Niliongeza sikukuu za nchi ambayo siishi tena, sasa natafuta hiyo kalenda ya sikukuu niifute siioni popote, ila sikukuu zenyewe zimejaa! – *Msomaji*

Jibu: Huioni kwa sababu haipo. Kwa njia hiyo ya kuongeza sikukuu, Outlook ile ya zamani haitengenezi kalenda mpya, inazimwaga sikukuu ndani ya kalenda yako kuu kama matukio ya kawaida, na kalenda kuu yenyewe haifutiki. Badili mwonekano uwe wa orodha, panga kwa makundi, utazikuta zimekaa pamoja chini ya kundi la sikukuu. Kama una za nchi zaidi ya moja angalia safu ya mahali, pale nchi imeandikwa, chagua za nchi unayotaka kuiondoa tu na ufute.

Swali: Kalenda ya kwenye Mac yangu kila siku inaniandikia kwamba kompyuta ina virusi nibonyeze linki kuisafisha. Nafuta, kesho yanarudi mengine. Naogopa jamani. – *Mwanafunzi*

Jibu: Pole sana mdogo wangu. Usibonyeze hiyo linki hata kidogo. Maneno hayo peke yake hayaonyeshi kwamba kompyuta imeingiliwa, mara nyingi ni kwamba kuna mahali kwenye intaneti kidirisha kiliruka ukakibonyeza, kumbe ulikuwa unajisajili kwenye kalenda ya matapeli, na wao wanaijaza matangazo wanavyotaka. Ndo maana kufuta tukio moja moja hakusaidii. Tafuta jina la kalenda usiyoijua kwenye orodha ya pembeni, bonyeza kulia, jitoe, na matukio yake yote yanaondoka nayo.

Ila kama yanakuja kama mialiko iliyotumwa kwenye imeili yako, dawa ni nyingine. Usibonyeze kukubali, na usibonyeze kukataa pia, kwa sababu jibu lolote linarudi kwa aliyetuma na atajua anwani yako ina mtu. Tia alama kuwa ni taka kama programu inaruhusu, au futa bila kujibu. Kwenye Google Calendar ingia mipangilio uchague mialiko iingie yenyewe pale tu unapomfahamu anayetuma, badiliko hilo dogo linapunguza sana.