Datsun 240Z iliyoshushwa inagonga kwenye matuta na kuvuta usukani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, rimu za inchi 14. Nilitaka ikae chini, fundi wa mtaani akazikata springi zote nne, koili moja na nusu kila moja. Imependeza kweli, ila sasa kila nikipita tuta inagonga, barabara ikiwa mbovu usukani unavuta wenyewe, na tairi za mbele zinalika upande wa ndani. Alaimenti nimeshafanya mara mbili, bado. Ninunue shokapu ngumu, au zile springi za kisasa za kupandisha na kushusha? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Shokapu ngumu usinunue kwanza. Zitakuumiza mgongo na mlio utaubakiza ulipo.

Tuanze na kugonga. Kwenye 240Z kila gurudumu lina shokapu iliyozama ndani ya bomba la chuma, na springi imekalia sahani iliyochomelewa kwenye bomba hilohilo. Fundi alipokata springi, bomba halikupungua urefu. Kwa hiyo kila sentimita uliyoshusha imekatwa kwenye nafasi ya shokapu kujikunja. Gari limesimama tu, tayari liko karibu na ile raba ya kuzuia mwisho. Likikutana na tuta linaimaliza nafasi iliyobaki na chuma kinapokea pigo. Ukitaka kuhakikisha, inua ile mpira ya vumbi, funga kamba ya plastiki ya kubania waya kwenye fimbo ya shokapu, isukume chini mpaka iguse bomba, kisha zunguka mjini. Ukirudi itakuwa imesimama pale shokapu ilipofikia. Kama imebanwa juu kabisa kwenye raba, jibu unalo.

Springi yenyewe sasa. Ikikatwa inakuwa fupi na pia inakuwa ngumu, kwa sababu koili zilizobaki ni chache. Springi ya koili nane zinazofanya kazi, ukiitoa moja na nusu, ugumu unapanda kama asilimia 23. Hilo si baya, gari la chini linahitaji ugumu kiasi. Kinachonitia wasiwasi ni gari likiwa hewani. Lipige jeki gurudumu lining'inie, halafu jaribu kuizungusha springi kwa mkono. Ikizunguka, itoe, hata kama umeizoea. Ipo siku utapita bonde, gurudumu litashuka, springi itahama kwenye sahani yake na kurudi imekaa upande.

Usukani kuvuta ni ugonjwa mwingine kabisa, na ndio ambao watu wengi huutibu kwa alaimenti bila kupona. Gari likiwa na urefu wa kiwandani, amu ya chini ya mbele (mkono wa chuma unaounganisha bodi na gurudumu) inateremka kidogo kuelekea kwenye tairi. Ukishusha bodi, ncha ya ndani ya amu inashuka nayo, lakini ile ya nje imebaki kwenye boljointi (kiungo kinachoruhusu gurudumu kugeuka na kupanda), kwa hiyo amu inalala au hata kuinua ncha ya nje. Tairodi, ile fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu, nayo inabadilika pembe. Gurudumu likipanda na kushuka, amu na tairodi hazichori tena tao linalolingana, na tairi inageuzwa kulia au kushoto bila wewe kugusa kitu. Juu ya hapo, kadiri amu inavyolala ndivyo bodi inavyopenda kulala zaidi kwenye kona. Unaweza kushusha gari na likawa baya kwenye kona kuliko lilivyokuwa juu!

Dawa yake ni kipande cha chuma au aluminiamu kinachowekwa kati ya sehemu ya chini ya bomba la shokapu na ule mkono wa usukani unaobeba boljointi. Kinashusha boljointi na ncha ya tairodi kwa pamoja, amu inarudi kwenye pembe yake. Vinavyouzwa huwa na unene wa milimita 19 hadi 25 hivi, na vinadai bolti ndefu zaidi za daraja zuri, si za duka la vifaa vya ujenzi. Kwa rimu zako za inchi 14 angalia sana: zungusha usukani mwisho kulia na kushoto, gurudumu likiwa limefungwa, uone kama boljointi au tairodi inakaribia rimu.

Kuhusu tairi kulika ndani, waulize waliofanya alaimenti walirekebisha nini hasa. Kwenye 240Z ya kiwandani mbele unaweza kupanga kitu kimoja tu, pua za tairi kuingia ndani au kutoka nje. Kemba (tairi kulala ndani au nje ukiitazama kwa mbele) na kasta (mhimili wa kugeuzia gurudumu kuinama mbele au nyuma) hazina pa kugeuza, na nyuma hapageuzwi chochote. Karatasi inayosema kemba imerekebishwa, bila kuwekewa sahani za kuteleza juu ya shokapu au bushi za mhimili wa pembeni kwenye amu, hiyo ni karatasi tu. Nashuku pua zako zimefunguka nje. Hiyo hula ukingo wa ndani haraka kuliko kemba ya nyuzi moja au moja na nusu.

Springi za kupandisha na kushusha zinafaa, ila zinataka bomba likatwe, sahani ya zamani itolewe na pengine katriji fupi (shokapu inayokaa ndani ya bomba) iwekwe. Kuchomelea bomba hilo ni kazi ya mtu mwenye mashine ya kunyoosha. Mimi kwa barabara za Arusha ningekununulia springi za kushusha milimita 25, zilizotengenezwa hivyo, na vile vipande vya chuma. Kumbuka gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, na lilishinda likiwa limesimama juu.

Wakati wa kufungua, bana springi kwa vibanio viwili kabla hujagusa nati ya juu ya shokapu. Nati hiyo ikitoka springi ikiwa na nguvu zake, haichagui inampiga nani. Wakati wa kufunga, bolti za bushi za raba zikaze gari likiwa chini, limebeba uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, raba inabaki imesokotwa na kupasuka mapema. Urefu upime kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, si kutoka sakafuni, upepo wa tairi usikudanganye. Mtu wa uzito wako akae kwenye kiti cha dereva.

Kisha rudi kwenye alaimenti: pua ziingie ndani milimita 1 hadi 2 kwa jumla. Springi mpya hukaa kidogo, hivyo baada ya kilomita 500 pima urefu upya na upange pua mara ya mwisho.