Kuwashirikisha majirani imani: anzeni na ndoo ya maji

Dada, umeuliza mtaanzaje kuwashirikisha majirani imani, nyie na watoto, bila kuonekana wasumbufu. Mi naona msianze na spika wala vipeperushi, aisee mtafungiwa geti. Sisi tulipohamia Mbagala jirani akafiwa, wife akashinda kwao siku tatu anaosha masufuria, mi nabeba viti, watoto wanachota maji, hatukuhubiri hata neno. Baada ya wiki mbili hivi yule mama akauliza kwani nyie mnasali wapi, tukamwambia, akaomba tumwombee mwanae. Ndo 1 Petro 3:15 hiyo, unamjibu anayekuuliza, tena kwa upole. Halafu ongeeni na watoto wasiwatishie wenzao moto wa jehanamu, wa kwangu alishafanya hivyo ikabidi niende kuomba radhi na kilo ya sukari mkononi.