Wa nyuma naye ananyonga

Dada mmoja ameniandikia kutoka Leicester. Yeye na mumewe walinunua tandemu, yaani baiskeli ya viti viwili, ya miaka ya 1950, wakaihangaikia mpaka ikatengemaa, na sasa imeegemezwa ukutani kwa sababu kila wakishuka wanakuwa wamenuniana. Anauliza kama waiuze. Dada yangu, msiiuze.

Mimi nimekulia Tabora. Kule mke hupakiwa kwenye karia. Mama alikaa upande, kanga kaibana magotini, mkono mmoja kamshika baba kiunoni na mwingine kashika kikapu. Baba alinyonga, mama alisubiri kufika. Kwa hiyo mume wangu aliponipeleka kijiji kimoja huku Somerset, kwa mzee aliyefiwa na mkewe, tuone tandemu aliyokuwa ameitundika bandani, mimi niliangalia kitu kimoja tu: kiti cha nyuma kilikuwa na usukani wake na pedeli zake. Sikutaka hata kujadili bei.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Aliitazama kwa muda mfupi, akamwambia mume wangu kwamba hiyo ni ya vyuma chakavu. Mimi hakuniangalia hata mara moja. Kauli ile inaniuma mpaka leo, kwa sababu kwenye bomba la kiti palikuwa na karatasi iliyofifia ya Reynolds 531, chuma cha manganizi na molibdeni kilichoanza kutengenezewa baiskeli kule Birmingham mwaka 1935. Fremu ya chuma kile haitupwi kwa sababu ya vumbi na rangi iliyobabuka. Tulichomoa nguzo ya kiti, tukamulika tochi ndani, tukaona bomba ni zima. Fanyeni hivyo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote.

Kazi tuligawana, na hapa ndipo ninapotaka mnisikie wanandoa wote. Yeye alichukua krenki, ile mikono inayobeba pedeli, mimi nikachukua magurudumu. Kotapini, zile pini zinazobana krenki kwenye ekseli, zilikuwa zimeng'ang'ana. Zinataka mafuta ya kulainisha kutu, subira ya siku kadhaa, kisha nyundo moja ya uhakika huku krenki imeegemezwa juu ya kitu kigumu. Ukigonga kidogokidogo kwa woga unaipinda tu. Halafu kumbukeni kwamba pedeli za kushoto hufunguka kinyume, na kwenye baiskeli ya Kiingereza kikombe cha gololi za ekseli ya krenki, upande wa kulia, nacho ni kinyume. Wengi huviharibu kwa kuvikazia wakidhani wanavifungua.

Kwenye magurudumu nilijifunza jambo ambalo nyumbani hatukulijua, maana kule Phoenix ya mtu yeyote ilikula tairi la nchi 28 bila maswali. Huku nchi 26 ni jina la matairi mengi tofauti. Ringi zetu zilikuwa za kipenyo cha milimita 590, na tairi la nchi 26 la baiskeli za milimani ni milimita 559, halikai kabisa. Soma namba ya milimita iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Niliosha gololi zote kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi mpya, nikazirudisha kwa mkono wangu. Tangu hapo nikikaa kile kiti cha nyuma siogopi, kwa kuwa najua kilichomo chini yangu. Mwanamke aliyeletewa baiskeli ikiwa tayari atairukia kwa mashaka.

Sasa kupanda. Wa mbele ndiye mwenye usukani unaogeuka na macho. Wa nyuma anaona mgongo. Kwa hiyo wa mbele lazima aseme: shimo, gia, tunapumzika, nasimama. Kila kitu, kabla hakijatokea. Akiacha kunyonga bila kusema, pedeli zako zinasimama ghafla, maana cheni ya kushoto imewafunga pamoja. Nina hakika, dada, mumeo anaendesha kimya. Wanaume wetu wengi wamezoea kupakia mzigo, na mzigo hauambiwi kona iko wapi. Mume wangu sasa anatamka bila kukumbushwa, na nyumbani pia amekuwa msemaji, namshukuru Mungu.

Kuondoka kuna utaratibu wake. Wa mbele anapanua miguu chini, anabana breki zote mbili. Wa nyuma anapanda, anatulia, anazungusha pedeli mpaka moja ikae juu mbele kidogo. Mnahesabu, mnakanyaga pamoja. Msisaidiane kusukuma kwa mguu mmoja ardhini kama watoto.

Fanyieni mazoezi mahali tambarare. Sisi tuna njia ya Bristol mpaka Bath, kilomita 21 hivi, inayopita ilipokuwa reli ya zamani. Watu wa kujitolea waliitengeneza kati ya 1979 na 1986. Reli haipandi mlima kwa ghafla, na magari hakuna. Jumapili iliyopita tuliimaliza yote bila kushuka njiani, hata kwenye handaki la Staple Hill. Nilijivunia sana.

Miteremko ni habari nyingine. Uzito ni wa watu wawili lakini upepo unampiga mmoja, basi baiskeli inakimbia kuliko mnavyotarajia, na breki za ringi zikibanwa muda mrefu zinachemsha ringi. Yetu ina breki ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, na waya wake tumeufunga kwenye usukani wangu. Mwendo wa kushuka ninaushika mimi.

Na bado kila tukipita, mtu hupaza sauti: "Wa nyuma hanyongi huyo!" Wazungu wanapenda sana utani huo. Hata Waswahili wenzetu kwenye kikao cha harusi waliurudia. Sicheki. Miguu yangu inajua kilima cha kutoka Bath kurudi nyumbani, na mume wangu anajua zaidi, kwa kuwa nikilegeza kidogo tu anageuza shingo.

Dada, kesho angalieni cheni ya kushoto. Ikicheza zaidi ya sentimita moja juu na chini, legezeni kile kikombe kikubwa kinachobeba ekseli ya krenki ya mbele, kizungusheni mpaka cheni ikaze, mfunge tena. Kisha pandeni, na mumeo aanze kusema.